Absalom Aliniacha Mlimani na Mbwa wa Madam

Aliniona.

Hilo mlishike kwanza kabla sijaanza, kwa sababu nawajua nyinyi. Mtakuja hapo chini kuandika kwamba labda hakuniona.

Aliniona vizuri sana. Nilikuwa nimesimama kando ya lango, kamba ya mbwa mkono mmoja, mkono mwingine nimeuinua kumwambia nakuja. Absalom akanitazama kwenye kioo cha pembeni. Macho yetu yakakutana.

Kisha akakanyaga mafuta.

Gari likakata kona ya kwanza, likakata ya pili, ukungu ukalimeza. Simu yangu ikiwa ndani, inachaji. Begi langu ndani. Sweta langu ndani.

Nikabaki na mbwa.

Nilidhani ni mzaha, maana Absalom anapenda utani. Hata nilicheka kidogo. Nikamwambia mbwa, "Atarudi huyu mjinga."

Hakurudi...

Sasa tulieni niwaeleze nilifikaje huko juu.

Naitwa Selipher, mtu wa Vihiga. Nafanya kazi ya nyumba Jeddah, mtaa wa Al-Hamra, kwa familia ambayo, niseme ukweli wa Mungu, haijawahi kunipiga wala kuninyima chakula. Kuna Madam Hind, kuna mumewe ambaye namwita Baba, kuna binti yao Lujain, na kuna mama mzazi wa Baba, ambaye sisi wafanyakazi tunamwita Mama Kabira.

Halafu kuna Sukar.

Sukar ndiye mbwa. Mweupe, manyoya mpaka kwenye macho, mzito kama gunia la mahindi. Lujain alilia mpaka akanunuliwa. Lakini mate ya mbwa kwao ni najisi, mtu akilambwa lazima ajioshe vizuri kabla ya kuswali. Kwa hiyo Mama Kabira hamkaribii, madam hamshiki, na Lujain anampenda kwa umbali.

Wa kumlisha, kumwogesha na kumchana nikawa mimi, Mkristo. Siku niliyofika madam aliniuliza dini yangu. Nilipomjibu akafurahi sana, nikashangaa, nikasema huyu mama ana roho safi. Kumbe alikuwa anamfikiria mbwa.

Absalom alikuwa dereva wao. Mtu wa Chavakali, karibu kabisa na kwetu. Tulikuwa tunaongea Kimaragoli jikoni, madam akidhani tunapanga chakula cha jioni. Nilimwita kaka. Nilipougua, yeye ndiye aliyeninunulia dawa. Nikilia, yeye ndiye aliyekuwa nje ya dirisha la jikoni akinichekesha mpaka ninyamaze.

Ndiyo maana mpaka leo kile kioo cha gari hakinitoki akilini.

Mkataba wangu ulikuwa umebakisha wiki chache tu. Nilikuwa nimeshamwambia madam siongezi. Mtoto wangu Shirleen nilimwacha akitambaa, na sasa anapokea simu mwenyewe na kuniita "auntie wa Saudi". Nilitaka kufika nyumbani kabla hilo jina halijaganda.

Madam alilia. Akaniuliza, "Selipher, nani atakaa na Sukar?"

Baba ndiye aliyekubali. Akasema tukitoka likizo, yalla, ananitengenezea karatasi ya kuondoka.

Kwa wale ambao hamjui maisha ya huku, bila hiyo karatasi ya kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini, hupandi ndege. Na kafili akiripoti kwamba umetoroka, karatasi inakufa. Ikama yako, kibali cha kuishi huku, inakufa. Huwezi kufanya kazi, huwezi kwenda nyumbani, unabaki kujificha kwenye vyumba vya watu. Wakenya tunawaita watu hao makemboi. Wengine wanachagua maisha hayo na siwahukumu. Mimi nilikuwa naitaka ndege yangu.

Basi ikaja likizo ya shule ya mwezi wa kumi na moja, tukaenda milima ya Shafa, juu ya Taif. Likizo yenyewe ilikuwa ya kutembea. Nawaambia ukweli, watu wenye magari mazuri namna ile walisafiri masaa ili wakatembee kwa miguu.

Wana viatu maalum vya mlima. Wana fimbo za kutembelea, tena mbili mbili kwa kila mtu. Mimi nilikuwa na kandambili za jikoni, chupa ya kahawa, mkeka, tende, na mbwa anayenivuta mbele kama anawahi basi. Kwetu ukionekana unapanda mlima bila mtungi wala kuni, watu wanakuuliza umefiwa na nani.

Lakini nilifurahi, sitadanganya. Asubuhi ya kwanza niliona mvuke ukitoka mdomoni mwangu, baridi kama ya kwetu, nikatokwa na machozi. Kuna miti inanukia vizuri. Kuna nyani wenye manyoya ya kijivu mabegani, wanakaa kando ya barabara kama wazee wa baraza. Sukar aliwabwekea mpaka sauti ikamkauka.

Siku ya kurudi, familia ilitaka kupitia Makka. Mama Kabira alikuwa na hamu ya umra, ile hija ndogo, na Jeddah wangefika jioni.

Sasa Makka sisi Wakristo hatuingii. Kuna barabara yetu inayozunguka kwa nje. Kwa hiyo wao wakapanda gari la Baba, na mimi na Absalom, pamoja na mizigo na mbwa, tukapewa gari la pili.

Wao walitangulia. Madam akateremsha kioo.

"Selipher, Sukar hamam kwanza. Halafu yalla, Jeddah."

Nikampeleka mbwa chooni nyuma ya mawe, kama nilivyoambiwa. Nikarudi langoni, nikainua mkono.

Mengine mnayajua.

Mnaona mtego ulivyokaa? Familia iko Makka, inajua niko na Absalom. Absalom yuko peke yake, anaweza kusema lolote. Mpaka jioni hakuna mtu hata mmoja duniani anayejua kwamba nimesimama mlimani na kandambili.

Nilirudi kwenye ile nyumba tuliyokuwa tumekodi. Imefungwa. Nikagonga kibanda cha mlinzi. Hayupo, naye alishaenda zake wageni walipotoka.

Nikakaa kwenye ngazi. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba sikuuona mti ulio ng'ambo ya barabara. Nyani wawili wakaja wakakaa juu ya ukuta wakituangalia. Sukar akaniegemea, akitetemeka. Sijui nani alikuwa anampa nani joto.

Nikaanza kuwaza.

Nikishuka kwa miguu, polisi wa kwanza ataniuliza ikama. Sina, picha yake iko kwenye simu. Mwanamke mweusi, peke yake, hana karatasi, hana simu... ataniita nani? Mtoro.

Nikibaki hapa, jioni familia itafika nyumbani na kukuta sipo. Wataniita nani? Mtoro.

Niliogopa, ndugu zangu. Niliogopa mpaka nikaanza kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti, na wale nyani wakaondoka.

Ndipo nikasikia gari.

Lilikuwa pikapu jeupe. Likasimama mbele yangu, mwanaume akateremsha kioo. Mkenya! Hata kabla hajafungua mdomo nilijua ni Mkenya.

"Wewe ndio Selipher?"

"Ndiyo mimi."

"Naitwa Nehemiah. Absalom amenituma nikuchukue. Ingia haraka, hii baridi si ya mchezo."

Nilimwamini. Ningefanya nini? Nikasema, ah, kumbe gari la Absalom lilikuwa na shida akaomba msaada. Hata nikaanza kujilaumu kwa kumfikiria vibaya. Nikapandisha mbwa nyuma ya kiti, nikapanda.

Nehemiah alikuwa na hita na andazi. Nilikula nusu, Sukar nusu. Tukashuka mlima, tukaipita Taif, na hapo nikaanza kuangalia vibao vya barabara. Kiarabu changu cha kusoma ni kidogo, lakini kuna jina moja kila mtu analijua.

"Nehemiah, hii njia inaenda wapi?"

"Riyadh."

"Mimi naishi Jeddah."

"Uliishi," akasema, akacheka. "Usijali dada, kila kitu kiko sawa. Kuna chumba na wasichana wa kwetu, wazuri tu. Kazi ni kufagia ofisi pale Olaya. Absalom mwenyewe atakuja baadaye, amepata kazi ya ulinzi hukohuko."



"Nani amesema nataka kwenda Riyadh?"

"Si Absalom alisema mmebonga? Eti ulisema umechoka, unataka kuwa kemboi."

Mungu wangu. Nilisema kweli. Nilisema siku madam aliponifokea kwa sababu ya zulia, nikasema, "Mimi siku moja nitatoroka niende Riyadh." Lakini nani hajasema? Huku hayo ni maneno ya kupumulia. Kila mwanamke wa kazi ameyasema akiwa na ufagio mkononi, kisha akaendelea kufagia.

"Nirudishe Jeddah," nikamwambia.

"Siwezi dada. Mimi natoka kazini kwa ruhusa ya leo tu, na kazi iko Riyadh."

Milango ilikuwa imefungwa. Gari liko mbio. Nje ni jangwa tu, kushoto na kulia. Machozi yakatiririka yenyewe, na Sukar akaingiza kichwa katikati ya viti akaanza kunilamba uso.

Nehemiah akamtazama kama ndiyo kwanza anamwona.

"Huyu mbwa ni wako?"

"Mfanyakazi wa nyumba gani ana mbwa?"

"Basi ni wa nani?"

"Wa bosi."

Mwendo wa gari ukapungua.

"Wa bosi? Absalom hakuniambia kuhusu mbwa wa bosi."

"Hata mimi hakuniambia kuhusu Riyadh."

"Dada, sikiliza." Sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa. "Msichana akipotea, wanaripoti, halas, maisha yanaendelea. Mbwa kama huyu akipotea watamtafuta mpaka chini ya kitanda changu. Hii ni wizi. Hiyo ni noma kabisa."

Niliumia kusikia hivyo. Nikaumia zaidi kwa sababu nilijua ni kweli.

Akasimamisha gari kando ya barabara. Akafungua milango.

"Mshushe mbwa, tuendelee."

Hapo ndipo akili yangu iliponirudia, ndugu msomaji. Nilitazama ile kamba niliyoishika tangu asubuhi mpaka imenichora kiganjani. Nikaelewa kitu. Nikimwachia huyu mbwa, mimi ni mtoro. Nikimshika, mimi ni mfanyakazi niliyetumwa kumpeleka mbwa chooni, na kazi bado sijaimaliza.

"Sote tunashuka," nikasema.

"Huku? Hakuna kitu huku. Mbele hapo kuna kizuizi cha polisi, watakushika."

"Ndiko naenda."

Nehemiah alitikisa kichwa. Akanipa chupa yake ya maji.

"Pole dada. Mimi nilidhani umekubali."

Akageuza gari, akazunguka njia nyingine.

Miaka yangu yote Saudia, nikimwona polisi navuka barabara. Siku ile nilimfuata mimi mwenyewe, kwa kandambili, jua la mchana linawaka huku chini kama si nchi ile ile, mbwa amechoka ananivuta nyuma.

Askari alikuwa kijana. Alipomwona Sukar akarudi hatua.

"Wen ikama?"

"Ikama mafi. Simu mafi. Mama, Baba, Jeddah." Mafi, yaani hakuna.

"Namba ya kafili?"

Siijui kwa kichwa. Nani anakariri namba siku hizi? Wenzake wakaja, wakaanza kuongea haraka haraka, na neno moja nikalisikia likirudiwa: tarhili. Hapo ndipo wanapowekwa wanaosubiri kufukuzwa nchini.

Mzee mmoja kati yao akainama, akashika ukosi wa Sukar kwa ncha za vidole. Kulikuwa na kibati kidogo. Jina, na namba ya simu ya Baba.

Mbwa alikuwa na kitambulisho shingoni. Mimi sikuwa na kitu.

Wakapiga. Haikupokelewa. Wakapiga tena. Bado. Nikajua, Baba yuko kwenye umra, simu haiko mkononi. Nikajaribu kuwaeleza, "Baba, Makka, umra," nikizungusha kidole hewani, mpaka yule mzee akatabasamu na kunielekeza kiti.

Wakatuweka kwenye kijumba cha bati. Sukar aliletewa maji kwenye bakuli. Mimi pia nililetewa, baadaye. Nje gari la kupeleka watu tarhili lilikuwa limeshafika na wengine wawili ndani, Waethiopia, na dereva alikuwa akiuliza kama na mimi napanda.

"Subiri," mzee akamwambia.

Akasubiri kidogo. Akapiga honi. Mzee akaniangalia, akaangalia saa... na simu ikaita.

Aliongea, akasikiliza, uso ukakunjamana. Akanipa simu.

"Selipher," sauti ya Baba ilikuwa baridi. "Absalom ametuma ujumbe. Anasema umemkimbia kwenye kituo cha petroli, umeiba Sukar."

"Baba, mimi niko na Sukar. Niko polisi. Nimekuja mwenyewe."



"Mwenyewe?"

"Mwenyewe, Baba. Mtu anayekimbia anaenda polisi kufanya nini?"

Kisha akasema, "Kaa hapo. Nakuja."

Walifika alasiri, yeye na madam, Baba kichwa kimenyolewa upya. Na madam, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akimgusa yule mbwa hata kwa kidole, alipiga magoti kwenye vumbi na abaya yake nyeusi, akamkumbatia Sukar shingoni akilia.

Kisha akanikumbatia mimi. Nilikuwa wa pili, lakini nilikumbatiwa.

Jeddah tulimkuta Absalom chumbani kwake kando ya geti. Alinipa simu yangu bila kunitazama. Nikamuuliza kwa lugha yetu.

"Kwa nini, kaka?"

"Usiniite kaka. Sijawahi kutaka kuwa kaka yako."

Akakaa kitandani.

"Ungeenda nyumbani ungenisahau, Seli. Riyadh tungekuwa wawili. Ningekuoa."

"Uliniuliza?"

"Ulisema unataka kutoroka."

"Nilisema nimechoka."

Alilia. Nami nikalia, kwa sababu nilimpenda pia, kama ndugu, na alikuwa amenichimbia shimo huku akidhani ananijengea nyumba.

Baba aliponiuliza, nilisema ukweli wote. Nilijua utamfanya nini na nilisema. Baba hakutaka kelele za polisi. Alichukua simu yake, akabonyeza hapa na pale, na kabla ya Ijumaa Absalom alikuwa na karatasi ya kuondoka na tiketi.

Asubuhi iliyofuata madam akaniita sebuleni. Akanikalisha kwenye kochi, mimi, kwenye kochi lake. Akanimiminia chai kwa mkono wake.

"Selipher, ulikuwa na nafasi ya kukimbia na hukukimbia. Ungemwacha Sukar na hukumwacha. Wewe si mfanyakazi, wewe ni dada yangu."

"Asante madam."

"Nimemwambia Baba, exit halas. Mafi exit. Nitampata wapi mtu kama wewe? Mwaka mmoja tu zaidi. Au miwili."

Yaani karatasi yangu ya kuondoka haipo tena, na alikuwa anatabasamu. Nilitafuta ubaya kwenye uso wake ili niukasirikie, sikuupata. Alidhani ananipa zawadi.

Ndiyo hivyo, wapendwa. Aliyetaka kunizuia nisiende nyumbani, ndiye aliyepanda ndege. Mimi niliyerudi kwa miguu yangu, niko hapa bado.

Wiki jana Absalom alinipigia kutoka Chavakali. Nyuma yake nilisikia kuku na redio ya jirani. Akasema alipita kwetu kuomba msamaha kwa mama yangu, na Shirleen alimletea maji ya kunawa.

"Ana meno mapya mbele," akaniambia. "Unakuja lini?"

Nilikata simu. Sikutaka anisikie nikilia.

Somo langu ni moja. Hakuna aliyenichukia katika hadithi hii. Absalom na madam, wote wawili walinipenda, na wote wawili walinifungia mlango. Kwa hiyo mtu akikwambia hawezi kukaa bila wewe, usikimbilie kufurahi. Angalia kwanza funguo anashika nani.

Mkataba mpya uko mezani jikoni, haujasainiwa. Kila asubuhi madam anauleta na kalamu, ananiuliza kwa upole. Kila asubuhi namwambia, "Madam, mafi."

Kesho ataniuliza tena, na kesho nitamjibu hivyohivyo.